Mwache Abashiri Kwanza: Hotuba kwa Walimu wa Sayansi

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa shule mliopo, wakufunzi wetu, na nyinyi walimu wenzangu mnaoshika chaki kila siku, nawasalimu nyote.

Waliopanga semina hii wamenipa mada pana: ufundishaji wa misingi ya fizikia na kemia kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Muda nilionao ni mfupi, na mtaala mnao mikononi; mnaujua kuliko mimi. Kwa hiyo nina jambo moja tu la kusema, na nitalizungusha kwenye mifano mpaka mchoke nalo.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla hujamwonyesha mwanafunzi jaribio lolote, mwache abashiri litakalotokea, aandike alichobashiri, na aseme kwa nini anafikiri hivyo. Ukiiruka hatua hiyo, hata jaribio zuri namna gani linageuka mazingaombwe: watoto wanashangaa, wanapiga makofi, wanatoka nje wakiamini kile kile walichoingia nacho.

Naona wengine mnatabasamu, mnajiambia kwamba huyu naye ametuletea wimbo ule ule wa "mshirikishe mwanafunzi". Sivyo. Mtoto unaweza kumshirikisha kipindi kizima, akashika chupa, akamimina maji, akajaza jedwali, na asifikiri hata mara moja. Mikono ikiwa na kazi haina maana kwamba na kichwa kina kazi. Mwaka 2004, Eric Mazur na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi kuhusu majaribio yanayofanywa na mwalimu mbele ya darasa. Kuna wanafunzi ambao hawakuonyeshwa jaribio kabisa, kuna walioonyeshwa na kuelezwa, na kuna waliotakiwa kubashiri kwanza. Waliokaa tu wakatazama hawakuwapita kwa mengi wale ambao hawakuonyeshwa chochote. Waliobashiri ndio waliopanda. Na hao ni watu wa chuo kikuu, waliochagua wenyewe kwenda kusoma. Sasa mfikirieni mtoto wa miaka 12 anayechungulia kutoka dawati la nyuma.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mtoto anapofika kwetu ana fizikia yake tayari. Ameishi duniani miaka 11 au zaidi, amesukuma vitu, ameviangusha, vimemwunguza. Muulize mkokoteni ukiacha kuusukuma unafanyaje. Unasimama. Basi atakwambia kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na kwa aliyoyaona yeye, hilo ni hitimisho halali kabisa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifikiri karibu na hapo, na wasomi wakamfuata karne kwa karne. Rusha mpira juu, kisha umuulize, wakati mpira bado unapanda, ni kani gani zinaufanyia kazi. Atakutajia kani ya mkono ambayo imebaki ndani ya mpira, inapungua kidogo kidogo, na inapokwisha ndipo mpira unageuka. Philoponus wa Alexandria alisema jambo la namna hiyo katika karne ya 6, na Jean Buridan wa Paris akalijenga vizuri zaidi katika karne ya 14. Galileo alichapisha kazi yake kubwa kuhusu mwendo mwaka 1638, na Newton akatoa kanuni zake mwaka 1687. Kutoka Aristotle hadi Newton ni miaka kama 2,000. Sisi tunataka mtoto aivuke safari hiyo katika kipindi cha dakika 40, tena kwa kunakili kutoka ubaoni.

Kwa hiyo mtoto akikosea, msimwone mjinga. Mara nyingi amekosea pamoja na watu wakubwa.

Tuingie kwenye mifano. Naanza na umeme, maana vifaa vyake vinaenea kwenye kiganja. Unahitaji seli moja kavu ya volti 1.5, kipande kimoja cha waya kilichochunwa ncha zote mbili, na balbu ndogo ya tochi, ile ya zamani yenye uzi ndani. Balbu haina kishikio. Waya ni mmoja, si miwili, na hilo ni kwa makusudi. Usiwagawie bado. Viinue juu wavione, halafu waambie wachore kwenye daftari namna watakavyoviunganisha ili balbu iwake.

Pita kati ya madawati utazame michoro. Mingi itakuwa na seli iliyosimama, waya umetoka kwenye kichwa chake ukaingia kwenye ncha ya chini ya balbu, basi. Mingine itaunganisha pande zote mbili za seli, lakini kila kitu kitaishia kwenye ncha ile ile moja ya balbu. Wachache sana watagusa ubavu wa balbu, na baadhi yao watakuwa wamebahatisha. Usisahihishe mchoro hata mmoja. Hapa ndipo walimu wengi tunaposhindwa kujizuia, ulimi unawasha. Uzuie, kisha gawa vifaa, kila mmoja ajaribu mchoro wake mwenyewe.

Kwa dakika kadhaa hakuna kinachowaka. Watalalamika kwamba seli zimekufa. Kisha mahali fulani balbu moja itawaka, nawe utajua kwa kelele, huna haja ya kutazama. Waulize wale waliofanikiwa waonyeshe mikono yao ilivyokaa: balbu imesimama kwa ncha yake juu ya kichwa cha seli, na waya umeanzia kwenye kitako cha seli ukapanda hadi kugusa ubavu wa chuma wa balbu. Sasa warudi kwenye michoro yao ya kwanza na waandike chini yake kilichokosekana. Wasiifute. Nasisitiza hilo kwa sababu watoto wengi wamefundishwa kuficha kosa kwa kifutio, na kosa likishafutwa hakuna tena cha kujadili.

Halafu watolee balbu ambayo wewe mwenyewe umeivunja kioo kabla ya kipindi, ukiwa umeizungushia kitambaa kizito. Waone uzi ule mwembamba unavyoshikiliwa na vinyaya viwili: kimoja kinashuka mpaka ncha ya chini, kingine kimeunganishwa na ubavu, na kati ya ncha na ubavu kuna kitu kisichopitisha umeme. Mtoto aliyechora njia moja tu ya kuingia anaona kwa macho yake kwamba balbu ina njia mbili, na kwamba umeme unaoingia lazima utoke.

Niseme jambo dogo pembeni. Balbu hizi za uzi zinaadimika, maana tochi za siku hizi zina diodi, yaani vile vitaa vya LED visivyo na uzi ndani. Msidhani ni kitu kile kile. Diodi nyeupe inahitaji volti karibu 3, na ukiigeuza upande haiwaki kabisa. Kwa somo hili itawachanganya watoto mambo mawili kwa mpigo. Mkipata balbu za zamani mahali popote, zitunzeni.

Somo linalofuata, unganisha seli mbili na balbu mbili zilizofuatana kwenye njia moja. Kabla hujafunga swichi, waulize ipi itang'aa zaidi. Wengi watachagua ile iliyo karibu na upande chanya wa seli, kwa hoja kwamba ya kwanza inakula umeme na ya pili inapata masazo. Funga swichi. Zinang'aa sawa, au karibu sawa. Na hapo kwenye "karibu sawa" pana mtego ambao mwalimu lazima aujue mapema: balbu mbili za aina moja hazifanani kabisa, na moja ikizidi kidogo, mtoto atashangilia kwamba alisema. Usibishane naye. Badilisha balbu mahali, ya kwanza iwe ya pili. Iliyokuwa inang'aa zaidi itaendelea kung'aa zaidi hata ikiwa nyuma, kwa hiyo tofauti ni ya balbu, haitokani na nafasi yake. Kama shule ina ameta, yaani chombo cha kupima mkondo wa umeme, ipachike kabla ya balbu, kisha baada yake. Kipimo ni kile kile.

Baada ya hapo ndipo unapokuja mjadala wenyewe, maana mtoto mwerevu atauliza: kama mkondo hauliwi, mbona seli inakwisha? Hilo ni swali zuri kuliko maswali yote ya kitabuni. Kinachopungua ni nishati iliyohifadhiwa katika kemikali za seli. Mkondo unazunguka na kurudi; nishati inaachwa njiani kwenye balbu, ikitoka kama mwanga na joto. Darasa lililobishana juu ya balbu mbili linaielewa sentensi hiyo. Darasa ambalo halikubishana linaiandika tu.

Sasa niwachokoze kidogo, maana mpaka hapa nimesema makosa ya watoto.

Wangapi hapa wamefanya jaribio la mshumaa ndani ya sahani ya maji? Naona mikono mingi. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani, unamimina maji kidogo, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Moto unafifia, unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Na maelezo yaliyomo katika vitabu vingi ni kwamba moto umemaliza oksijeni, oksijeni ni kama moja ya tano ya hewa, basi maji yamepanda kujaza nafasi yake. Ni maelezo matamu. Kuna hata wanaopima kimo cha maji na kutangaza asilimia ya oksijeni.

Nawaomba mkalirudie jaribio hilo mbele ya wanafunzi, lakini safari hii mtazame maji badala ya moto. Kama maji yanajaza nafasi ya oksijeni inayoliwa, yanapaswa kupanda polepole muda wote mshumaa unapowaka. Hayafanyi hivyo. Wakati moto unawaka yanapanda kidogo sana, au hayapandi. Moto ukishazimika, ndipo yanapanda kwa haraka. Tazameni na ukingo wa glasi wakati mnapoifunika: mara nyingi mtaona viputo vya hewa vikitoroka kwa chini. Kisha rudieni kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile. Maji yatapanda zaidi. Je, mishumaa mitatu imeongeza oksijeni kwenye glasi? Hapana. Hewa ni ile ile.

Kinachotokea zaidi ni joto. Hewa iliyo juu ya mwali imepashwa moto, imetanuka, sehemu yake imetoroka. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki inapoa, inasinyaa, na kanieneo ya hewa ya nje inasukuma maji ndani. Mishumaa mitatu inapasha zaidi, kwa hiyo inavuta zaidi. Na oksijeni je? Imetumika, ni kweli, lakini haikwisha. Mwali unazimika ikiwa bado imebaki nyingi. Tena nafasi yake haiachwi wazi, kwa kuwa nta ikiungua inatoa gesi ya kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Mvuke unapoa na kuwa matone kwenye kioo, na kwa sababu hiyo kuna upungufu kidogo unaotokana na kemia yenyewe. Lakini "moja ya tano" ile inayolingana vizuri na kitabu ni bahati ya ukubwa wa glasi na mwali.

Nimelichagua jaribio hili kwa sababu linafundisha tabia ambayo wanafunzi hawaioni kwetu mara nyingi: mwalimu anachukua maelezo yaliyochapwa kitabuni na kuyauliza maswali. Kama hiki ni kweli, tungetazamia kuona nini? Na je, tumekiona? Mtoto wa miaka 13 anaweza kabisa kufikiri hivyo. Mpe maelezo ya oksijeni kama dai la mtu fulani, umwambie abuni jaribio la kulipima, uone. Atafika mwenyewe kwenye mishumaa mitatu, au atakuja na jambo ambalo hata wewe hukulifikiria.

Kwenye vipimo nitapita kwa mwendo, ila kuna jambo moja siwezi kuliacha. Funga jiwe kwenye uzi, litundike, libembee. Waulize: jiwe zito litabembea kwa haraka kuliko jepesi? Karibu darasa zima litasema ndiyo. Sasa wapime. Uzi wa mita 1, ukipimwa kutoka unapotundikwa hadi katikati ya jiwe, hutoa bembeo moja kamili, kwenda na kurudi, kwa sekunde 2 hivi. Uzi wa sentimita 25 hutoa bembeo kwa sekunde 1. Urefu ukizidishwa mara nne, muda unazidishwa mara mbili. Uzito wa jiwe haubadilishi kitu, mradi bembeo liwe dogo.

Lakini utamu uko kwenye upimaji. Waache kwanza wapime bembeo moja moja kwa saa ya simu. Kikundi hiki kitapata sekunde 1.7, kile 2.3, na watakugeukia wewe uwaambie nani yuko sahihi. Usiwaambie. Waulize kidole kinachelewa kiasi gani kubonyeza. Mtu huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kuitikia anachokiona, na ucheleweshaji huo ni mkubwa sana ukilinganisha na sekunde mbili. Wapime bembeo kumi kwa pamoja, kisha wagawe kwa kumi. Ghafla vikundi vyote vinakaribiana. Katika dakika 15 wamejifunza kwamba kipimo kina mashaka ndani yake, na kwamba mashaka yanapunguzwa kwa akili, hata kwa chombo cha kawaida. Mimi kipindi hicho nakiweka juu kuliko mwezi mzima wa kukariri vizio.

Vitu vinavyoanguka mnavifahamu. Mnajua pia kwamba Agosti 1971, David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi akaangusha nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikafika chini pamoja kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kuuzuia unyoya. Video yake ionyesheni, lakini baada ya hili: chukua kitabu na karatasi ndogo kuliko kitabu. Viangushe kila kimoja peke yake, karatasi inachelewa. Sasa weka karatasi juu ya kitabu, ilale, isibandikwe. Waandike kitakachotokea. Wengi watasema karatasi itabaki nyuma ikipeperuka. Angusha. Vinashuka pamoja, maana kitabu kimeikinga karatasi na hewa. Darasa litanyamaza kidogo, halafu litataka ufanye tena.

Kuelea na kuzama nako kunahitaji udongo wa kufinyangia na beseni tu. Bonge linazama; bonge lile lile likifinyangwa bakuli linaelea, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Waliosema vyaelea vimeundwa walikuwa wanafizikia wazuri. Chuma kina densiti, yaani uzito kwa ujazo ule ule, karibu mara 8 ya maji na meli za chuma zinaelea, kwa sababu umbo linasukuma pembeni maji mengi yenye uzito sawa na meli nzima. Msianze na fomyula ya densiti. Anzeni na bonge na bakuli. Fomyula itakuja ikihitajika, na itakapokuja itakuwa na kazi ya kufanya.

Jingine ni chembe za maada. Chukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, vuta hewa, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Hewa inabanika. Jaza maji, ziba, sukuma tena. Hayabaniki, angalau si kwa mkono wako. Halafu waambie wachore hewa ile kama wangekuwa na macho ya kuona chembe zake, kabla ya kubanwa na baada. Wengi watachora chembe, kisha watapaka rangi katikati yake. Uliza: hapa katikati pana nini? "Hewa." Hewa si ndiyo hizi chembe? Basi kati yake pana nini? Wengine watachukia kabisa jibu kwamba hapana kitu. Na wana haki ya kuchukia. Utupu ni wazo gumu, na wanafalsafa wakubwa walilikataa kwa hoja nzito. Watu wazima pia hupaka rangi pale katikati, ila wao hufanya hivyo kichwani, kimyakimya.

Sasa kuna mwalimu pale kushoto ambaye tangu mwanzo ana swali usoni, na nadhani nalijua. Muda. Darasa lina watoto wengi, mtihani unakuja, mtaala haujakwisha, na huyu anataka watu wachore balbu.

Nakubali, si kila kipindi kinaweza kwenda hivi. Mimi nasema chagueni mada chache katika mwaka, zile ambazo mnajua kwa uhakika kwamba watoto wanaingia na imani nyingine: mkondo wa umeme, kani na mwendo, joto na jotoridi, chembe, kuelea. Hizo zipeni muda. Mada kama majina ya vyombo vya maabara au orodha ya vyanzo vya nishati, pitieni haraka. Hazina mgogoro ndani yake. Na kubashiri kwenyewe hakuchukui zaidi ya dakika tatu. Kinachokula muda ni mjadala unaofuata, na mjadala huo ndio ufundishaji wenyewe. Kuhusu mtihani, tazameni majibu yasiyo sahihi kwenye maswali ya kuchagua. Mtunzi mzuri hayatungi ovyo. Anayachota kutoka kwenye fizikia ile ile aliyokuja nayo mtoto.

Namna ya kubashiri ina ufundi wake. Usiombe wanyooshe mikono kwanza, kwa kuwa kila darasa lina mtoto mmoja anayesifika kwa akili, na wenzake wote watatazama mkono wake uko wapi. Waandike kwanza, kila mtu na karatasi yake, ndipo wanyooshe. Halafu swali la "kwa nini unafikiri hivyo?" uliulize kwa sauti ile ile na kwa uso ule ule, jibu liwe sahihi au lisiwe. Wanafunzi ni wasomaji hodari wa uso wa mwalimu. Ukiuliza "kwa nini" pale tu mtu anapokosea, baada ya wiki moja neno hilo litakuwa na maana ya "umekosea", na watakuwa wanabadilisha jibu kabla hujamaliza kuuliza. Na mtoto aliyebashiri vibaya kwa sababu nzuri asifiwe wazi wazi kuliko aliyepatia kwa kubahatisha. Mwanzoni watadhani mnatania.

Kuna pia wenzetu ambao hawakusomea fizikia. Walisomea lugha, au historia, wakakabidhiwa sayansi kwa sababu hapakuwa na mtu. Najua mpo, na najua mnachokihofia: kuulizwa swali msilo na jibu lake. Nyinyi hasa nawapendekezea njia hii. Mwalimu anayetoa majibu lazima awe nayo yote. Mwalimu anayeuliza "tungejuaje?" anahitaji seli, waya, maji, na subira. Soma mada usiku uliotangulia, fanya jaribio peke yako nyumbani mara mbili, ujue linaharibikia wapi, kisha ingia darasani.

Usalama, kwa ufupi na bila mzaha. Majaribio ya umeme ni ya seli kavu tu. Umeme wa ukutani usiguswe kwa jaribio lolote, na waambieni watoto hivyo kabla hawajaenda nyumbani kuendeleza utafiti. Waya usiunganishe pande mbili za seli moja kwa moja, utapata moto na kuunguza vidole. Nywele ndefu na mikono mipana ya nguo ifungwe kabla ya mshumaa kuwashwa. Na lenzi isitumike kutazama jua, hata kwa kuchungulia.

Nimebakiwa na dakika mbili, na sitaki kuzimaliza kwa kusema. Mbele yenu, kwenye kila meza, zipo glasi mbili zilizojazwa mpaka ukingoni, kila moja ina kipande cha barafu kinachoelea na kuchomoza juu ya maji. Barafu yote imetengenezwa kwa maji baridi ya kawaida. Glasi yenye alama ya buluu ina maji ya kawaida. Yenye alama nyekundu ina maji yaliyokolezwa chumvi nyingi. Swali ni moja: barafu ikiyeyuka yote, maji yatamwagika au hayatamwagika? Jibuni kwa kila glasi peke yake.

Najua ya buluu wengi mnayo jibu tangu mlipokuwa shule. Andikeni hata hivyo, na sababu. Ya nyekundu fikirieni kidogo zaidi. Karatasi ziko chini ya glasi, kalamu mnazo. Mwenyekiti, naomba watu wasitoke kwenda mapumziko mpaka kila karatasi iwe imegeuzwa kifudifudi ikiwa na jina juu yake, na mheshimiwa mkuu wa shule hapo mbele, nakuona, usitazame karatasi ya jirani yako.